Nani kayasema haya? Vitabu vilivyo mezani mwangu

Mvua imeanza tangu alfajiri na haina dalili ya kukatika, kwa hiyo leo nimebaki nyumbani na vitabu vyangu.

Sisi tuliosoma tukikutana, iwe harusini au msibani, hatukosi kuulizana: "Siku hizi unasoma nini?" Swali hilo lina mtego wake. Wengi wetu (na mimi nimo) hulijibu kwa kutaja vitabu ambavyo tungependa tuonekane tunavisoma. Leo nitajibu kwa kutaja vile vilivyopo mezani hasa. Vingine nimevimaliza mwezi uliopita, vingine bado vina kipande cha karatasi katikati. Mnivumilie lakini, kwa sababu nilipoanza kuviorodhesha niligundua kwamba vyote vinasimulia historia moja, na mwishoni mwa historia hiyo nimo mimi mwenyewe, tena si mahali pa kujisifia.

Viko saba. Cha kwanza ni Desturi za Wasuaheli, kilichochapwa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1903. Changu ni fotokopi ya zamani iliyoanza kufifia. Cha pili ni tafsiri yake ya Kiingereza iliyofanywa na J. W. T. Allen na kutoka mwaka 1981. Cha tatu ni wasifu wa Mtoro bin Mwinyi Bakari ulioandikwa na Ludger Wimmelbücker, uliochapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, 2009. Cha nne ni Swahili Prose Texts cha Lyndon Harries, 1965. Cha tano ni Diwani ya Muyaka, toleo la William Hichens la 1940. Cha sita na cha saba ni hadithi moja katika lugha mbili: Paradise ya Abdulrazak Gurnah ya 1994, na Peponi, tafsiri yake ya Kiswahili ya 2022. Pembeni kuna cha nane, ambacho si kitabu hasa. Nitakifikia.

Mambo yalianzia darasani. Alhamisi jioni huwa nafundisha Kiswahili watu wazima. Wengi ni vijana waliozaliwa huku, ambao wazazi wao waliona ni bora watoto washike Kiingereza kwanza, Kiswahili kitakuja chenyewe. Hakikuja. Sasa watoto wamekua, na wanalipa ada kununua kitu ambacho mama zao walikuwa nacho bure jikoni. Mmoja wao, binti ambaye wazazi wake ni watu wa Tanga, alikuwa anajiandaa kuolewa. Akaniuliza wazee wa Pwani walifanyaje posa na harusi kabla ya mambo haya ya kukodi ukumbi. Nikamwambia ngoja, kitabu kipo.

Kitabu chenyewe ni hiki Desturi. Kwa asiyekifahamu, humo mtu anafuatwa tangu anapozaliwa mpaka anapozikwa: malezi, chuo cha Kurani, jando na unyago, posa na mahari, ngoma, pepo na waganga, biashara ya bara, madeni, watumwa na mabwana zao, mirathi. Na Kiswahili chake, jamani! Sentensi fupi, hakuna kupindapinda, kama mtu aliyekaa barazani na kikombe cha kahawa anakueleza jambo alilolishuhudia kwa macho yake. Sisi tuliofundishwa kuandika "kitaaluma" tunatakiwa kukisoma kila mwaka kama dawa.

Basi nikaandaa kurasa za harusi, na juu nikaandika kama nilivyozoea: "Kutoka kwa Velten, 1903." Yule binti akainua mkono. "Mwalimu, Velten ni kabila gani la Pwani?" Darasa zima likacheka. Mimi nilicheka kidogo tu, maana swali la namna hiyo niliwahi kuulizwa miaka mingi nyuma na mtu mwingine, na sikulijibu vizuri.

Carl Velten hakuwa wa kabila lolote la Pwani. Alikuwa Mjerumani, mkalimani wa serikali ya koloni huko Dar es Salaam kuanzia 1893 mpaka 1896, kisha akawa mwalimu wa Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, Berlin. Alikusanya maandishi ya Waswahili, akayapanga, akayachapa, akayatafsiri kwa Kijerumani. Jina lililo mbele ya kitabu ni lake. Mwenye maneno kwa sehemu kubwa, Mtoro bin Mwinyi Bakari, yumo ndani, kwenye utangulizi. Naomba nieleweke: Velten hakumficha, alimtaja. Lakini sote tunajua maktaba na tanbihi zinavyofanya kazi. Kinachosafiri ni jina la mbele. Aliye kwenye utangulizi hubaki kwenye utangulizi, na huko asiyefunua hamwoni.

Hebu tumfunue. Mtoro alizaliwa karibu mwaka 1869 huko Dunda, karibu na Bagamoyo. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika seminari hiyo hiyo. Wanafunzi wake walikuwa Wajerumani, wengi wakijiandaa kwenda kufanya kazi makoloni. Tafakarini hali hiyo kidogo: mtu wa Bagamoyo amesimama mbele ya darasa Berlin, anawafundisha lugha yake watu ambao kesho watakwenda kuitumia kuwaamrisha ndugu zake. Bila yeye hawajui kusema hata "njoo".

Mwaka 1904 alioa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske. Hapo ndipo mambo yalipochafuka. Mwafrika kufundisha lilivumilika. Mwafrika kuoa Mjerumani, kisha akasimama mbele ya vijana wa Kijerumani kama mwalimu wao, hilo halikuvumilika. Dharau za wanafunzi zilizidi, na mwaka 1905 aliacha kazi. Akafunga safari ya kurudi kwao pamoja na mkewe. Huo ndio mwaka vita vya Maji Maji vilipoanza. Serikali ya koloni haikutaka mke mweupe wa mume mweusi aonekane mitaani, na walipofika pwani wakazuiwa. Wakageuza, wakarudi Ujerumani. Baadaye, kati ya 1909 na 1913, alifundisha Hamburg, na mara nyingine alijipatia riziki kwa kutoa mihadhara kuhusu kwao. Alifia Berlin mwaka 1927. Mtu aliyeandika kuliko wengine wote jinsi Mswahili anavyozaliwa, anavyooa na anavyozikwa kwao, yeye mwenyewe hakuruhusiwa kushuka pwani ya kwao na mke wake.

Habari hizi za maisha yake nimezipata zaidi kwa Wimmelbücker, na nawashauri mkitafute. Ni kitabu chembamba, hakina makeke. Mimi nilikinunua zamani, nikakipanga kwenye rafu, nikakiacha. Aibu yangu.

Mtoro hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Kabla yake, kuanzia 1891 mpaka 1895, Amur bin Nasur wa Zanzibar alifundisha hapo hapo Berlin, na aliandika habari za safari yake ya Ulaya. Baada yake alikuja Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kama Bayume Mohamed Husen. Huyu alizaliwa Dar es Salaam 1904, akatumikia jeshi la Wajerumani akiwa bado mtoto katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akaenda Ujerumani 1929, na miaka ya thelathini akawa anasaidia kufundisha Kiswahili Chuo Kikuu cha Berlin. Wanazi walimkamata 1941 kwa uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen, na huko alikufa mwezi Novemba 1944. Tangu 2007 kuna jiwe dogo la ukumbusho lenye jina lake mbele ya nyumba aliyoishi Berlin. Waliosoma Afterlives ya Gurnah (2020) watakumbuka mwisho wa Ilyas, haukutoka hewani.

Nawataja hawa watatu kwa makusudi. Sisi tunaofundisha Kiswahili Ulaya hupenda kujiona waanzilishi. Hapana. Tuna mababu wa kazi. Mkataba wangu mimi unafanywa upya kila mwaka, nalipwa kwa saa, na mara kwa mara nanung'unika. Lakini nanung'unika nikiwa na mke wangu nyumbani, na nauli ya kwenda Tanga nikiitaka nainunua. Waliotutangulia walifundisha somo hili hili kwa bei nyingine kabisa.

Sasa kitabu cha Harries. Miaka miwili kabla ya Desturi, yaani 1901, Velten alichapa kitabu kingine, Safari za Wasuaheli. Humo kila msafiri anasimulia safari yake, na afadhali huku majina yamewekwa juu ya kila simulizi. Yupo Mtoro mwenyewe akieleza safari yake ya Udoe na Uzigua. Yupo Salim bin Abakari, mtu wa Ngazija, aliyekwenda na Mjerumani Bumiller mpaka Urusi na Siberia mwaka 1896. Hebu fikirini: wakati Wazungu wanaandika mavitabu mazito kuhusu safari zao Afrika, Mngazija anazunguka Siberia na kutuandikia, kwa Kiswahili, habari za baridi, vyakula na mila za wenyeji, kwa utulivu ule ule wa mtu anayeeleza nchi ngeni. Nikisoma simulizi hii huwa najiuliza kwa nini hatukuisoma sekondari.

Na yupo Selemani bin Mwenye Chande, mfanyabiashara, anayesimulia safari yake ya bara. Harries alichagua baadhi ya simulizi hizi mwaka 1965, akaziweka upande kwa upande na tafsiri ya Kiingereza. Ukisoma jina kamili la kitabu chake utaona kinajitambulisha kama uteuzi kutoka katika mkusanyo wa Carl Velten. Kwenye jalada ni Harries, kwenye jina la kitabu ni Velten. Selemani anakungoja ndani.

Hapa ndipo Gurnah anapoingia. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar 1948, akaja Uingereza 1968 akiwa kijana, akaandika riwaya zake zote kwa Kiingereza. Paradise ilifika orodha fupi ya tuzo ya Booker mwaka 1994. Ndani yake kuna msafara wa biashara unaokwenda bara, na watafiti wa fasihi wameonyesha kwamba sehemu hiyo inafuatana kwa karibu na simulizi za zile safari za Waswahili, hasa ile ya Selemani. Mwaka 2021 Gurnah alipewa Nobel, na mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wakatoa Peponi, iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis, Mzanzibari anayefundisha SOAS hapa London.

Kopi yangu ya Peponi ililetwa na mpwa wangu kutoka Dar, ndani ya begi, katikati ya dagaa na unga wa muhogo, na mpaka leo ukikifungua kitabu unasikia harufu. Nilikisoma nikiwa na Paradise upande wa kushoto na Harries upande wa kulia. Nilipofika kwenye msafara nilisimama. Maneno yaliyosemwa kwa Kiswahili miaka ya 1890 yalichapwa Ujerumani 1901, yakapata Kiingereza 1965, yakawa na maisha mapya ndani ya riwaya ya Kiingereza 1994, kisha yakarudi Dar es Salaam kwa Kiswahili 2022. Miaka zaidi ya mia moja, kama mzigo uliopotea bandarini ukazungushwa dunia nzima na mwisho ukamfikia mjukuu wa mwenyewe. Simlaumu Gurnah kwa kutomtaja Selemani. Riwaya si tanbihi, na mwandishi wa hadithi ana haki ya kunywa katika kisima cha kwao. Ninaosema nao ni sisi wanahistoria, ambao kazi yetu ni kusema kisima kilichimbwa na nani.

Msidhani mambo haya ni ya Wajerumani peke yao. Tuje kwa Waingereza na Diwani ya Muyaka. Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, malenga wa Mombasa, alifariki karibu 1840. Mashairi yake yalibaki vichwani mwa watu. Miaka ya themanini ya karne ile mmisionari W. E. Taylor aliyakusanya Mombasa, na aliyemwezesha ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwanachuoni aliyeyajua mashairi na aliyejua maana ya maneno ambayo hata watu wa Mombasa walikuwa wameanza kuyasahau. Mwalimu Sikujua alifariki 1890. Makaratasi ya Taylor yaliishia hapa London, SOAS, na Hichens akayatumia kutoa Diwani mwaka 1940, ikachapwa Johannesburg. Baadaye, mwaka 1979, Mohamed Abdulaziz alitoa kitabu chake kikubwa kuhusu Muyaka, kazi ya mwenyeji wa Mombasa mwenyewe.

Mwezi uliopita nilishuka kituo cha Russell Square nikaenda maktaba ya SOAS kuangalia miswada. Chuo kile kilianzishwa 1916, na moja ya kazi zake ilikuwa kuwafundisha lugha maofisa wa himaya. Neno "Afrika" liliongezwa kwenye jina lake mwaka 1938. Lakini hazina iliyomo humo ni yetu: miswada ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, imekaa kwenye ubaridi uliopimwa, inatunzwa vizuri kuliko ambavyo ningeweza kuitunza mimi. Kwenye katalogi mikusanyo inaitwa kwa majina ya waliokusanya: Taylor, Hichens, Werner, Allen. Hayo ndiyo majina unayojifunza kuyataja siku ya kwanza ukiwa mwanafunzi. Jina la Mwalimu Sikujua unalijua baadaye sana, ukibahatika.

Najua kuna wenzangu watakaosema: sasa unataka tufanye nini, tumfute Velten? Tumtukane Taylor? La hasha. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Bila Velten, maneno ya Mtoro pengine yangeoza ndani ya kasha. Taylor alikijua Kiswahili cha Mvita kwa kiwango ambacho wengi wetu wenye shahada tungeona haya kusimama karibu naye. Tena Allen alipofasiri Desturi kwa Kiingereza, jina la Mtoro liliwekwa kwenye jina lenyewe la kitabu, pamoja na maneno ya kueleza kwamba walikuwepo Waswahili wengine waliochangia. Kwa hiyo njia ya haki ilikuwepo, na Mwingereza ndiye aliyeionyesha. Kukusanya ni kazi na kusema ni kazi. Tatizo linaanza pale kazi ya pili inapomezwa na ya kwanza, mpaka msomi aliyezaliwa hapo hapo Pwani anasema "kwa mujibu wa Velten, bibi harusi wa Kiswahili hufanyiwa hivi na hivi" bila kuona kichekesho kilichomo.

Msomi huyo ni mimi. Sasa nakifikia cha nane.

Cha nane ni tasnifu yangu ya udaktari, niliyoitetea katika chuo kimoja cha huku Ulaya mwishoni mwa miaka ya tisini. Mada yake ni ndoa na madeni katika miji midogo ya Mrima. Baada ya lile swali la binti darasani nilikwenda kuitoa kwenye boksi, nikakaa na penseli, nikahesabu. Velten nimemtaja mara 41. Mtoro mara tatu, na mara moja kati ya hizo jina lake limekosewa herufi.

Hilo peke yake lingetosha kunitia haya. Lakini kuna zaidi.

Mwaka 1996 nilikwenda Pangani kufanya utafiti, nikafikia kwa bibi yangu mzaa baba. Usiku, kwa mwanga wa taa ya chemli, nilikuwa namsomea kurasa za Desturi, naye anasikiliza huku anasuka ukili. Hakuwa anajua kusoma herufi za Kizungu, ila Kurani alikuwa anaisoma. Alikuwa anakisahihisha kitabu. Hapa ni kweli, hapa huyu ni mtu wa Bagamoyo, sisi huku hatufanyi hivyo. Tulipofika kwenye vile vijizawadi vya harusi, kilemba cha baba na mkaja wa mama, alinisimamisha akanieleza mkaja ni nini hasa: nguo anayojifunga mwanamke tumboni baada ya kuzaa, na ndiyo maana mama wa bibi harusi hupewa, kumlipa tumbo lililomzaa mtoto. Akanieleza nani anaupeleka, unapokelewaje, na fitina zinazozuka usipotosha. Sura nzima ya tatu ya tasnifu yangu, ambayo watahini waliisifu, ni maneno ya bibi yangu yaliyovishwa suti.

Usiku mmoja akaniuliza: "Nani kayasema haya?"

Nikamjibu: "Mzungu mmoja, bibi, anaitwa Velten."

Akaacha kusuka. "Mzungu kajuaje mambo ya mkaja? Katajie aliyemwambia."

Nikacheka, nikaona ni maneno ya wazee, nikaendelea kuandika. Na unajua nilimwandikaje yeye? Nimefungua tanbihi, iko pale: "Mahojiano, mwanamke, miaka 75 hivi, Pangani, 1996." Velten alimweka Mtoro kwenye utangulizi. Mimi niliyempita Velten kwa kila kitu, kwa ngozi, kwa lugha, kwa damu, sikumpa bibi yangu hata utangulizi. Shukrani zangu mle ndani ni kwa msimamizi wangu, wafadhili, wakutubi, na kwa "watu wa Pangani kwa ukarimu wao".

Nitajitetea kidogo. Taratibu za utafiti tulizofundishwa zilikuwa zinasema ficha majina, linda wahojiwa. Ni taratibu nzuri, na kuna mahali zinaokoa watu. Mtu akikuambia habari za siasa au za aibu ya jirani, mfiche. Lakini bibi yangu hakuniambia siri. Aliniambia elimu. Na hakuna aliyemuuliza kama anataka kufichwa. Niliamua mimi, kwa niaba yake, kama ambavyo wengine waliamua kwa niaba ya Mtoro. Alifariki 2003. Tasnifu hakuiona, na angeiona angekuta yeye ni "mwanamke, miaka 75 hivi".

Wiki mbili zilizopita nilimpigia simu shangazi yangu Pangani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Mkeo na watoto hawajambo?"

Baada ya kujuliana hali nikamwambia nataka jina kamili la bibi, na la baba yake, na la babu yake, mpaka atakapofikia. Akanyamaza kidogo. Kisha: "La nini? Kuna shamba?"

"Hakuna shamba, shangazi. Nataka kuliandika kwenye kitabu."

"Kitabu gani? Kile ulichokuwa ukimkeshea mama wa watu mpaka mafuta ya taa yanakwisha?"

"Ndicho hicho."

"Ndiyo unakumbuka leo?"

Sikuwa na jibu. Akanitajia, bint fulani bin fulani, vizazi vitano, bila kusita, kama mtu anayesoma. Nikamwomba ruhusa ya kulitaja jina hilo hapa kwenu pia. Akafikiri, akasema: "Kitabuni liandike, tena kwa wino. Huko kwenye makompyuta usiliweke. Huko hatujui nani anasoma."

Nimemtii. Kwenye kopi yangu, na kwenye ile iliyoko maktaba ya chuo (baada ya kuwaandikia barua, wakakubali kubandika karatasi ya masahihisho), jina la bibi yangu liko mwanzoni mwa sura ya tatu, pamoja na la baba yake na la babu yake. Hapa silitaji. Safari hii mwenye haki ameulizwa, na hilo ndilo jibu lake.

Kazi iliyobaki ni ndogondogo lakini haina mwisho. Karatasi zangu za darasani sasa zimeandikwa: "Mtoro bin Mwinyi Bakari, Desturi za Wasuaheli, mkusanyaji C. Velten, 1903." Mwanafunzi akitaka kunukuu safari ya bara, namtaka aandike Selemani kwanza, Harries baadaye. Tukisoma Muyaka, dakika kumi ni za Mwalimu Sikujua. Na nawaomba wenzangu, hasa nyinyi mnaosimamia wanafunzi wa udaktari: kabla mwanafunzi hajaandika "mzee mmoja", mwambieni amuulize huyo mzee kama anataka kuwa mmoja. Wengi wetu tuna kaseti za mahojiano kwenye maboksi, za miaka ya themanini na tisini. Zitoeni, andikeni majina juu yake kabla waliobaki wanaoyajua hawajaondoka. Mimi nilimkuta shangazi bado ana kumbukumbu; si kila mtu atabahatika.

Yule binti ameshaolewa, katika ukumbi wa kukodi huko East Ham, maana London ni London. Lakini upande wa bwana harusi walipeleka mkaja. Nilikuwepo. Mama wa bibi harusi hakuwa ameambiwa mapema. Alipokabidhiwa ile bahasha na kitambaa, na mshenga akalitaja neno lenyewe, alikaa chini akacheka, kisha akaanza kuwaeleza meza nzima mambo ya mkaja kwao Tanga, nani anaupeleka na nani anaupokea. Nilitoa kalamu mfukoni. Safari hii nilianza kwa kumuuliza jina lake, na kama niliandike.

Hivyo ndivyo ninavyosoma siku hizi. Na nyinyi je, mnasoma nini, na nani kayasema?

Naomba kuwasilisha.